Hatua Ndani ya Saa ya Kimya

Mara moja kwa siku Dishi, lile sikio la chuma la kusikilizia nyota, hutugeuzia uso. Muda mwingine wote linaangalia juu, mara huku mara kule, wala hatulijali. Lakini saa yake ikifika linaanza kuvuma juu ya reli zake kule bondeni, linazunguka polepole, kisha linainama, linainama, mpaka ukingo wake wa chini unakaribia kugusa miti. Hapo linakuwa limetazama kusini, na kusini ndiko tuliko sisi, juu ya mgongo wa kilima. Ukiwa unaanika nguo unaliona jeupe kati ya mashuka yako, pana kuliko uwanja wa mpira, limekukodolea macho. Si sisi tunaotazamwa, tumeambiwa hivyo tangu lilipojengwa. Linatazama juu ya mapaa yetu, kwenye moyo wa Njia ya Maziwa, ule mkanda wa nyota, moyo ambao kwetu huku haupandi juu: unachungulia nyuma ya msitu wa misonobari, unatambaa kidogo juu ya vilele vya miti, kisha unazama tena. Ndiyo maana Dishi hulazimika kuinama vile.

Na sisi tunanyamaza. Ndiyo makubaliano ya kijiji na watu wa bondeni, na kwa ajili yake hutuletea pipa la bia kila sikukuu ya kanisa letu. Mtunza kanisa wetu, Zervas, hupigiwa simu, naye huning'iniza kitambaa chekundu kwenye mnara. Ukikiona, unachomoa friji, unazima mashine ya kufulia, unakata umeme wa uzio wa kondoo, na kama una pikipiki unaisukuma kwa mikono hadi nyumbani, maana hata cheche ya plagi Dishi linaisikia kama radi. Magari ya dizeli tu ndiyo hupita. Tunaiita saa ya kimya ingawa ni ndefu kuliko saa moja. Nayo haikai mahali pamoja. Kila siku inawahi kwa kama dakika nne, kwa sababu nyota hazifuati saa ya ukutani, zina saa yao. Wakati wa kiangazi huja watu wamelala na hakuna anayelalamika. Wakati wa baridi huangukia kwenye mapishi, na hapo utasikia matusi nyumba hadi nyumba.

Majira ya baridi ninayoyasimulia, chumba changu cha juu nilikuwa nimempangisha Almut. Alikuwa mtaalamu wa bondeni, msichana mrefu mwembamba kutoka pwani ya kaskazini, wale watu wanaotia bonge la sukari ya mawe kwenye kikombe, wakamimina chai juu yake, kisha wanaisikiliza ikipasuka kana kwamba ni muziki. Aliniita Mama Nell. Alichokuwa akichunguza ni kitu kimoja tu, kilichokaa katikati kabisa ya ule moyo.

"Kikubwa?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Kidogo, mama. Kidogo mno. Kukipata angani ni kama kutafuta punje ya mtama juu ya paa la nyumba huko Hispania, na wewe umesimama hapa. Lakini kizito kuliko mamilioni ya majua."

"Na kinafanya nini huko?"

"Kinakula. Kisha kinanguruma kidogo, kwa mawimbi ya redio. Ndiyo tunayosikia."

Nikamwambia ale na yeye, maana alikuwa amebaki mifupa.

Mwaka mzima alikuwa ameomba siku moja ambayo Dishi letu, dishi moja la Hispania na jingine la Italia yangekisikiliza kidubwana hicho kwa pamoja. Kila dishi lingenasa kwenye kanda zake, kanda nene kama gurudumu la jibini, kisha kanda zote zingepelekwa mjini kulinganishwa. Alipewa siku hiyo: wiki ya sikukuu ya kubariki mishumaa, mwanzo wa Februari. Kabla ya hapo alikuwa akijaribu mitambo kila siku kwenye saa ya kimya. Na tangu mwanzo wa Novemba alikuwa akirudi nyumbani amekunja uso.

Siku ya Mtakatifu Martin, Novemba hiyo hiyo, nilikuwa napika mkate wa viazi. Viazi vinakunwa, vinachanganywa na kitunguu, mayai na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, vinashindiliwa kwenye chungu cha chuma na kuokwa mpaka gamba linakuwa jeusi pembeni. Nilikuwa bado nakuna. Almut akaja akakaa mezani bila kuvua koti.

"Kuna kitu kinaniharibia kazi," alisema. "Dishi likiinama tu, kinaanza. Likiinuka, hakipo."

"Trekta la mtu. Au friji ya yule mlevi wa pale chini."

"Ningesema hivyo, mama. Lakini vitu vya watu hufuata saa ya ukutani. Mtu anachemsha maji saa saba, kesho saa saba tena. Hiki kila siku kinawahi dakika nne, sawasawa na nyota."

"Basi ni cha nyota."

"Hispania hawakisikii. Italia hawakisikii. Kingekuwa cha juu wangekisikia."

"Basi ni cha chini."

"Cha chini hakifuati nyota, Mama Nell!" Akacheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa kavu. "Unaona ninavyoelekea kuwa mwehu?"

"Kinaliaje?"

Akachukua kijiko akagonga meza. Pigo zito, pigo jepesi. Zito, jepesi. Zito, jepesi, kisha kimya kidogo, halafu tena zito.

Kikunio kilinichubua vidole, damu ikaingia kwenye viazi, na sikusikia maumivu.

"Gonga tena," nikamwambia.

Akagonga tena. Nikamwambia aache.

Ule mwendo niliufahamu kuliko mwendo wangu. Ulikuwa wa kaka yangu Drickes. Gogo la msonobari lilimvunja mguu akiwa kijana, mfupa ukaungana vibaya, na tangu hapo alitembea hivyo: buti la kulia kishindo, la kushoto kuburuza, na kila baada ya hatua kadhaa anasimama kuvuta pumzi. Mama yetu alikuwa akimsikia tangu darajani na kuanza kupakua supu. Drickes alifanya kazi bondeni, akipaka grisi zile reli ambazo Dishi huzungukia. Majira mawili ya baridi kabla ya hayo alitoka kazini asubuhi kwenye ukungu, akapanda njia ya kijito kuja nyumbani, na hakufika. Zimamoto wa kujitolea walimtafuta na mbwa. Walikuta nyayo zake kwenye theluji, moja nzito, moja ya kuburuza, zimetoka kijitoni, zimeingia kwenye malisho ya wazi, zimefika katikati yake. Hapo zikaisha. Hakuna kisima pale, hakuna mti. Theluji mbele yake ilikuwa safi kama shuka lililopigwa pasi.

Sikumwambia Almut lolote siku ile. Ningeanzia wapi?

Ilipofika Majilio, zile wiki za kuelekea Krismasi, Almut akaleta gari la antena, la dizeli, lenye chuma kama mifupa ya samaki juu ya paa. Saa ya kimya ilikuwa sasa inaangukia mchana. Aliniomba niende naye kwa sababu watu wetu hawamfungulii mgeni mlango wakati supu iko mezani. Nikafunga kilemba changu, nikapanda. Kijiji kilikuwa kimetulia, kitambaa chekundu kimelowa ukungu, moshi umesimama wima kwenye mabomba ya nyumba. Nyuma yetu, chini, Dishi lilikuwa limetukodolea macho. Almut alikuwa amevaa vidude vya masikioni, anazungusha ile antena kwa usukani mdogo.

"Kulia," alisema. Kisha: "Mbele. Mbele zaidi. Nani anakaa nyumba ya mwisho?"

Nilijua kabla hajauliza.

"Wifi yangu," nilisema. "Sett."

Sett alikuwa mke wa Drickes. Sikusema mjane, maana yeye mwenyewe ukimwita mjane alikufukuza. Mwaka mzima mimi na padri tulimbembeleza tumsomee Drickes misa ya marehemu, ili naye apate kupumzika. Akatukatalia. Mwanzo alikataa kwa kilio. Vuli ile alianza kukataa kwa utulivu, na utulivu wake ndio ulionitia wasiwasi zaidi.

Tulimkuta jikoni, taa imezimwa, jiko la kuni linawaka. Mbele yake mezani palikuwa na redio ya Drickes, ile aliyoiunda mwenyewe kwa vipande vya redio mbovu, balbu zake za kioo ziko wazi, waya umesokotwa juu ya kopo la kahawa. Betri kubwa ya trekta ilikuwa sakafuni. Hakugeuka.

"Ingieni basi," alisema. "Ila wewe, Nell, funga domo lako."

"Bado sijasema kitu."

"Unapumua kama ng'ombe."

Tukakaa. Mwanzo nilisikia mchirizo tu, kama mafuta yanayochemka mbali. Kisha, ndani ya ule mchirizo, zikaja. Kishindo, kuburuza. Kishindo, kuburuza. Hazikuwa kubwa. Zilikuwa zinatoka nyuma ya spika, nyuma zaidi ya ukuta, kama mtu anayepanda njia ambayo haiishi. Zikasimama. Sote watatu tukazuia pumzi. Nikaona Sett anatikisa kichwa polepole, jinsi mke anavyomsubiri mume apumue kwenye kona ya ngazi. Kishindo, kuburuza, zikaendelea.

Sioni haya kusema kwamba nilitaka kukimbia na kwamba nilitaka kubaki.

"Nilishusha redio darini siku ya Marehemu Wote, mwanzo wa Novemba," Sett alimwambia Almut, bila kumwangalia. "Nilitaka nyimbo tu. Lakini siku za kawaida hutasikia kitu, nyuzio za umeme za kondoo zinalia tik tik tik kwenye kila kituo. Nikasema nitawasha kitambaa kikipanda, kijiji kikiwa kimya. Ndipo nikamsikia. Sasa kila kitambaa kikipanda, nawasha."

Almut alivua vidude masikioni. Akaangalia dirishani, kwenye mnara, kwenye kile kitambaa. Akaanza kucheka, akajifunika mdomo.

"Kitambaa!" alisema. "Wiki sita navunja kichwa changu, ni kitu gani hapa duniani kinafuata saa ya nyota. Ni nyinyi! Kijiji kizima! Zervas anapandisha kitambaa kwa saa ya nyota, mama huyu anawasha redio kwa kitambaa."

"Kuna la kuchekesha?" Sett aliuliza.

"Samahani, mama. Hapana. Ni hivi: redio ya namna hii haisikilizi tu. Ukiikaza sana inatema mawimbi yenyewe. Ndiyo inayoniharibia kazi. Na hizo sauti ni zake yenyewe, kuna kidude ndani cha kutunza umeme, kapasita, kinapata joto na kupoa, kinapata joto na kupoa."

"Kapasita," Sett alisema. "Yenye kilema cha mguu?"

Almut akaitazama ile redio. Pale mnarani Zervas akashusha kitambaa. Mara nyuzio zote zikawashwa, na redio ikajaa tik tik tik, na hatua zikazama humo kama mtu aliyeingia sokoni.

Nilimsindikiza Almut garini. Hakuwasha injini.

"Ni kapasita," alisema.

"Sawa, mwanangu."

"Ni lazima iwe kapasita."

"Nimekuambia sawa."

Sheria ilikuwa upande wake. Angeweza kupiga simu moja, na watu wa posta, waliokuwa wakisimamia redio zote, wangekuja na karatasi na kuichukua ile redio siku hiyo hiyo. Hakupiga. Alikwenda kwa Sett jioni mara nyingi, akanywa chai yake yenye sukari ya mawe, na Sett akamfundisha kufuma soksi, kazi ambayo aliifanya vibaya ajabu. Hata Januari ilipokuwa inaisha, Almut akasema.

"Mama Sett, naomba siku moja tu. Siku ile ya madishi matatu. Uizime."

Sett aliendelea kufuma mpaka mwisho wa mstari.

"Unajua unachoomba?" alisema. "Anatembea. Kila siku nikimwacha hapa, kesho nikiwasha, yuko hapo hapo anaendelea, kwa kuwa kuna mtu anamsikiliza. Siku nisipomsikiliza, nani kaniambia atakuwepo?"

"Hakuna," Almut alisema.

"Angalau huongopi." Akanigeukia. "Wewe na padri wako mnataka misa."

"Tunataka akae pema, wifi. Na wewe ulale usingizi."

"Siwezi kumwombea marehemu mtu ninayemsikia anapanda mlima." Akaweka soksi chini. "Basi sikilizeni. Siku hiyo nitaizima, na hizi balbu nitazichomoa nizishike mimi mwenyewe. Lakini nitakaa kule kule bondeni mnakosikilizia. Lile Dishi lina masikio makali kuliko redio ya kopo la kahawa. Kama anatembea kweli, atasikika huko. Kama hasikiki, nilikuwa nasikiliza kopo. Hapo Nell akamwambie padri asome misa yake, nami nitavaa nyeusi."

Almut alinitazama. Ningemwambia akatae? Hilo ndilo nililokuwa nimeliombea mwaka mzima, na sasa lilikuwa mezani nikaliogopa.

Siku yenyewe saa ya kimya iliangukia asubuhi, theluji nyembamba, jua jeupe lisilo na joto. Sett alivaa koti lake la kanisani. Balbu za redio alizifunga kwenye taulo la jikoni ndani ya kikapu, kama mayai. Tulipofika bondeni Dishi lilikuwa linazunguka juu ya vichwa vyetu, na hatukuweza kusemezana kwa ule mvumo. Kisha likainama, likanyamaza. Almut alituvua saa za mkononi, akatuingiza kwenye chumba kilichopigwa bati kuta zote, mlango wake mzito kama wa ghala la nyama. Kanda zilikuwa zinazunguka. Alimletea Sett kiti, akamwekea spika ndogo mbele yake.

"Hiki ndicho chenyewe," alisema. "Ni moyo wa Njia ya Maziwa."

Ilikuwa sauti ya mvua juu ya majani. Mvua ya kweli ina kupanda na kushuka, ina upepo. Hii haikuwa na kitu. Ilimwagika vile vile, bila kuchoka, bila kuvuta pumzi, na nilipoisikiliza kwa muda nikaanza kuhisi kwamba sakafu ya kile chumba imeinamia upande wa ile spika, na kwamba nisiposhika kiti nitateleza. Nikashika kiti. Sett hakushika kitu. Aliegemea mbele, kikapu mapajani, sikio lake karibu kabisa.

Tulingoja. Nilijikuta nasali, na sikujua nasali asikike au asisikike.

Hakusikika. Ile mvua ilimwagika mpaka mwisho, mpaka Almut akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa kinazama nyuma ya msitu, kwetu imekwisha. Akafunga kanda. Juu yetu chuma kikalia, Dishi likaanza kuinuka.

Sett alikaa kidogo. Kisha akampa Almut kile kikapu.

"Chukua," alisema. "Ni balbu nzuri. Drickes alizinunua mji wa Koblenz."

Njiani hakusema kitu mpaka tukafika mlangoni kwake.

"Mwambie padri Jumamosi," alisema. "Na asiimbe yeye, sauti yake ni mbaya. Zervas aimbe."

Misa ikasomwa. Zervas akaimba. Sett alivaa nyeusi, akapokea mikono ya watu wote barazani, na baadaye kwangu akala vipande viwili vya keki ya hamira akasema nimezidisha siagi. Nilimshukuru Mungu. Wiki zilizofuata nilimwona anafagia theluji mlangoni kwake, anamgombeza paka, analala mapema. Kitambaa chekundu kilipopanda aliendelea na kazi yake, kama sisi wote. Nikasema basi, limepita.

Almut alikuwa amekwenda mjini na zile kanda. Alirudi katikati ya Kwaresima. Nilikuwa namenya viazi nikamwona amesimama mlangoni, hajabisha, hajavua koti, uso umempauka.

"Kaa," nilisema. "Kidubwana chako kimekataa kusikika?"

"Kimesikika. Vizuri kuliko tulivyoomba. Wote wananipongeza." Alikaa. "Mama Nell, kwenye kanda yetu hakuna kitu kingine. Safi. Lakini kwa wenzetu moyo ule unapanda juu zaidi kuliko kwetu, unachelewa kuzama. Sisi tulipofunga, wao waliendelea."

"Ndiyo."

"Dakika chache baada ya sisi kufunga, akaanza."

Sikumuuliza ni nani.

"Hispania wanaye. Italia wanaye. Siku ile moja tu. Nimepekua kanda zao za siku nyingine zote, hayumo. Na ni mmoja, nimewalinganisha. Kishindo, kuburuza. Redio ilikuwa imefumuliwa, balbu ziko kwenye meza yangu. Hakuna kitu cha duniani kinachoweza kuingia kwenye kanda ya Hispania na ya Italia kwa pamoja namna ile, mama. Kinatoka juu. Kinatoka pale pale, unywele mmoja tu pembeni ya kile kitu." Aliweka mikono chini ya meza. "Alingoja mpaka tufunge."

Nje maji ya theluji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye paa. Nilitamani yaache.

"Umemwambia nani?"

"Nimesema ni hitilafu ya mitambo. Mitambo miwili, nchi mbili, hitilafu moja. Wamekubali. Watu hukubali." Akanitazama. "Nimwambie yeye? Amekwisha msomea misa. Analala. Wewe ndiye unayemjua. Niambie nifanye nini."

Nilikuwa bado natafuta neno, na neno lenyewe, sitalificha, lilikuwa "usimwambie", nilipoona kivuli kwenye kioo cha mlango wa nyuma. Sett aliingia na bakuli la mayai aliyokuja kunirudishia. Aliliweka juu ya kabati, taratibu, moja kwa moja, akahakikisha halitelezi.

"Nimesikia," alisema. "Mlango wako haufungi vizuri, Nell, nimekuambia miaka yote."

"Wifi, kaa."

"Nitasimama." Akamgeukia Almut. "Anakuja au anakwenda?"

Almut akamgeukia. "Anakwenda. Mwanzo wa kanda na mwisho wake havilingani. Kila hatua inafika ikiwa imevutika zaidi ya ile iliyotangulia. Ni vile kitu kinavyokuwa kikienda mbali nasi."

"Kuelekea kule katikati."

"Kuelekea kule."

"Alisimama?"

"Mara kadhaa. Kisha akaendelea."

"Anavuta pumzi," Sett alisema. "Ni mlima." Akatazama dirishani. Kitambaa hakikuwa kimepanda, na Dishi lilikuwa limeangalia upande mwingine kabisa, limetupa kisogo. "Na wakati kanda inaisha?"

"Alikuwa bado anatembea."

Nilisimama nikamshika bega, nikidhani ataanguka. Hakuanguka. Bega lake lilikuwa limelegea, joto, kama la mtu aliyetua mzigo.

"Kwa hiyo misa haikumdhuru," alisema. "Nilikuwa naogopa nimemfungia mlango. Kumbe nilikuwa namshikilia. Kila siku narudisha mtu kwenye hatua zile zile, kama mbuzi kwenye kamba." Akavuta kiti, sasa akakaa, akachukua kisu changu na kiazi kilichobaki. "Ni mbali, huko?"

"Mwanga wenyewe hutumia miaka zaidi ya elfu ishirini," Almut alisema.

"Na kwa miguu?"

Almut hakucheka. Nami sikucheka. Sett alimenya kile kiazi, ganda likateremka refu, jembamba, bila kukatika.

"Drickes hajawahi kuwa mtu wa haraka," alisema. Kisha akainua uso. "Lakini asitembee peke yake bila mtu kusikia. Andika barua, mwanangu. Waambie wale wa Hispania wasiwe wanafunga mapema."